Bakteria Wakiingia Kwenye Damu, Kila Saa ni Muhimu

Bakteria wanaweza kupenya hadi kwenye damu kutoka kwenye mapafu, utumbo, kidonda au kitovu cha mtoto mchanga. Kinga ya mwili ikishindwa kuwazuia, huenea haraka na kuhatarisha maisha. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Wilaya ya Kilifi kati ya 1998 na 2002 ulionyesha kuwa takriban robo ya watoto waliofariki wodini walikuwa na maambukizi ya damu waliyoyapata kabla ya kulazwa.

Ukali na usugu

Ukali ni uwezo wa bakteria kudhuru mwili. Baadhi hujifunika kwa utando unaowakinga dhidi ya chembechembe nyeupe za damu. Wengine hutoa sumu. Usugu ni uwezo wa kustahimili dawa, kwa kuiharibu au kuisukuma nje kabla haijafanya kazi. Bakteria mkali anaweza kutibika kwa dawa ya kawaida. Hatari huzidi anapokuwa mkali na sugu pia.

Mfano ni Salmonela isiyosababisha homa ya matumbo. Katika nchi nyingi huleta kuhara tu. Hapa Afrika huingia kwenye damu, hasa ya watoto wadogo wenye malaria, upungufu wa damu au utapiamlo, na watu wazima wenye virusi vya UKIMWI ambao hawajapata matibabu. Aina iitwayo ST313 imekuwa sugu kwa ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli. Nchini Kenya, baadhi yake pia imeonekana kushinda seftriaksoni, dawa inayotegemewa sana hospitalini.

Wakazi wanashauriwa:

• Kumpeleka mtoto hospitalini mara moja akiwa na homa kali au mwili baridi, akipumua kwa shida, akikataa kunyonya, akilegea au akipata degedege.

• Kumweleza mhudumu dawa zote alizokwisha kupewa. Antibayotiki iliyotumiwa kabla ya damu kuchukuliwa yaweza kuficha bakteria katika kipimo cha maabara.

• Kutonunua antibayotiki bila agizo la daktari, kutozigawana, na kutumia dozi kama ilivyoelekezwa. Hazitibu mafua.

• Kuhakikisha watoto wamekamilisha chanjo, ikiwemo ya nimonia inayotolewa nchini tangu 2011.

• Kulala ndani ya neti, kunawa mikono kwa sabuni na kunywa maji yaliyotibiwa. Kila ugonjwa unaozuiwa ni dozi moja ya dawa isiyohitajika.