Ya Kutolea Ailipe Nani?

Wiki hii tuzungumzie zile fedha ndogo zinazoongezwa juu ya bei pale mnunuzi anapolipa bila kutoa noti mfukoni. Ukienda Ngamiani kununua tairi la baiskeli au mfuko wa saruji, bei mtaelewana vizuri. Ukisema utalipa kwa simu, muuzaji atakutajia namba yake, kisha atasema: "Weka na ya kutolea." Wengi wetu huweka bila kuuliza, kwa vile neno hilo tumekwisha lizoea.

Neno lenyewe ni la wema. Vodacom ilipoleta M-Pesa nchini mwaka 2008, kazi kubwa ya huduma ile ilikuwa kutuma fedha nyumbani. Kijana wa Tanga mjini akimtumia mama yake Muheza shilingi 20,000, alijua mama atakatwa kwa wakala, hivyo akaongeza kidogo ili zile 20,000 zimfikie kamili. Huo ni utu. Dukani mambo ni mengine, maana mwenye duka anakuuzia, na faida yake ameshaiweka ndani ya bei.

Hebu tupige hesabu. Tuseme wateja kumi wamelipa shilingi 50,000 kila mmoja, na kila mmoja ameongeza ada ya kutoa 50,000. Jioni mwenye duka ana shilingi 500,000 pamoja na ada kumi. Akienda kwa wakala akazitoa zote kwa mkupuo, atakatwa ada moja tu ya 500,000, nayo ni ndogo kuliko zile ada kumi zikijumlishwa, kwa kuwa makato hupanda kwa ngazi, wala hayapandi sawasawa na fedha. Inayobaki ni yake. Tena mara nyingi hatoi kabisa. Humtumia mwenye duka la jumla aliyemkopesha mzigo. Ya kutolea imelipwa, na hakuna kilichotolewa!

Hata hivyo, tusimwonee muuzaji. Faida ya mfuko mmoja wa saruji ni nyembamba, na makato yakiingia humo huondoka na sehemu kubwa. Aidha, kuna wakati mzigo ulizidi kwa sababu isiyo yake. Tarehe 15 Julai 2021 Serikali ilianza kutoza tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, juu ya ada za mitandao. Wananchi walilalamika sana, na Septemba mwaka huo huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Siku zile kusema "weka na ya kutolea" kulikuwa kama kujikinga na mvua.

Sasa mnunuzi afanye nini? Kwanza aulize kama duka lina lipa namba, yaani namba ya biashara, badala ya namba ya mtu binafsi. Namba hiyo imewekwa kwa ajili ya mauzo, na mnunuzi hana sababu ya kuongeza ya kutolea. Wapo wauzaji wanaoikwepa, wengine kwa kuhofia kwamba mauzo yao yataonekana na mtu wa kodi. Hofu hiyo ni yao, lakini gharama yake isiwe yako. Pili, kama unajua utafanya manunuzi mengi sokoni Mgandini, toa fedha mara moja asubuhi. Anayetoa kidogo kidogo mara tano hukatwa mara tano.

Kwa upande wa kadi za benki, hadithi ni ile ile kwa nguo nyingine. Benki iliyompa mwenye hoteli mashine humkata asilimia fulani ya kila malipo, na sehemu ya makato hayo huenda kwa benki iliyotoa kadi. Baadhi ya wenye hoteli humrudishia mgeni mzigo huo kwa kuongeza asilimia kadhaa juu ya bili. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku nyongeza hiyo kwa kadi za kawaida za wateja tangu Januari 2018. Huku kwetu, ukipiga simu kuweka chumba Pangani au Ushongo, uliza kabla ya kufika: nikilipa kwa kadi mnaongeza kiasi gani? Ukiuliza baada ya kulala, umechelewa.

Na ndugu zetu wanaokuja likizo kutoka Maskati au Uingereza wakumbuke jambo moja. Mashine ikiuliza kama walipe kwa shilingi au kwa fedha ya huko walikotoka, wachague shilingi. Ukichagua fedha ya huko, aliyeweka mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilisha, na huongeza chake humo ndani bila kukiandika kama ada. Wala asije mtu akadai bili ya dola: kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zimekataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa humo.