Kumusaidia paka apate tena nguvu kisha ugonjwa



Tangu paka wa depo alianza kutembea tena, wanafunzi wengi wanatuuliza tulimupa dawa gani. Wengine, hasa wa madarasa ya chini, wanasema iko kilozi ndani, kwa sababu walimuona akiburuta miguu ya nyuma na sasa wanamuona juu ya magunia ya maharagi. Hapana. Tunaandika hapa namna tulivyofanya, sisi watatu tuliopewa kazi ya depo, maana wengi wenu muko na paka nyumbani, na panya wa nyumbani hawangoji paka apone.

Ugonjwa wake ulikuwa hivi. Alipigana na paka mwingine wa kijiji, akaumwa karibu na mukia. Kidonda cha jino la paka ni kidogo, kinafunga haraka juu, lakini ndani usaha unabaki. Paja likavimba, homa ikamushika, akaacha kula. Munganga wa nyama alipasua jipu, akalisafisha, akamupiga sindano. Kisha siku 10 homa ilikuwa imekwisha na kidonda kinakauka, lakini paka yetu alibaki mifupa tu. Akisimama, miguu ya nyuma inatetemeka. Akitembea hatua tano, anaketi.

Mbele ya kuendelea, jambo moja la hatari. Paka akilegea miguu, akitoa mate, sauti ikigeuka, ao akiuma watu bila sababu, musimuguse. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Paka naye anakipata. Mutu aliyeumwa ao kukwaruzwa na nyama ya namna hiyo aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, halafu aende hospitali siku ile ile kwa chanjo. Dalili zikisha kutokea kwa mutu, karibu hakuna anayepona. Ndiyo sababu sisi hatukuanza kumushikashika paka mpaka munganga alipomutazama na kutuambia ni jipu.

Sasa, kwa nini minofu iliisha hivyo? Paka ni mula-nyama kabisa. Sisi watu, tukikaa na njaa, mwili unajifunza pole pole kutumia protini kidogo. Ini la paka halijui sana kupunguza. Hata kama hakuna kitu kinaingia tumboni, linaendelea kuchoma protini, na ikikosekana ya chakula inachukuliwa ndani ya misuli yake mwenyewe. Tena musuli usiofanya kazi unapungua, na yeye alilala siku nyingi. Pitisha vidole juu ya uti wa mugongo na mabega: kama unasikia meno kama ya musumeno, minofu imekwenda. Musidanganywe na tumbo, maana paka anaweza kubaki na mafuta tumboni wakati mugongo umekauka.

Kwa chakula tulikosea mara mbili. Kwanza tulimupa bugali ya muhogo na mchuzi wa wanafunzi. Alikula kidogo, tumbo likajaa, nguvu hakuna. Muhogo ni wanga karibu mutupu, na mchuzi wetu una vitunguu. Kitunguu na kitunguu saumu vinaharibu damu nyekundu ya paka, hata vikiwa vimepikwa. Halafu mutu mwenye moyo mwema akaleta maziwa, na usiku ule ule paka akaharisha, tukafagia. Paka wakubwa wengi hawawezi kusaga sukari ya maziwa.

Kilichomusaidia ni sambaza waliochemshwa bila chumvi, yai lililoiva, na vipande vya moyo wa kuku ao wa ngombe tulivyoomba kwa mupishi. Moyo una taurini nyingi. Paka hawezi kujitengenezea taurini ya kutosha, na akikosa muda mrefu macho na moyo vinaharibika. Maini tulimupa kidogo tu, maana yakiwa chakula cha kila siku vitamini A inazidi na mifupa ya shingo inakakamaa. Na samaki tunampika kila mara. Aina fulani za samaki wabichi zina kitu kinachovunja vitamini B1, na paka anayekula hivyo kwa muda anapoteza nguvu, kichwa kinainama chini; moto unakiua kitu hicho. Mifupa ya kuku iliyopikwa tunaitoa, inavunjika kama vioo.

Tulimupa kidogo kidogo, mara nne ao tano kwa siku, chakula kikiwa vuguvugu. Paka anakula kwa pua kwanza, na chakula cha baridi hakina harufu. Akikataa kabisa siku mbili, usingoje ya tatu, rudi kwa munganga. Ini la paka asiyekula linajaa mafuta, zaidi sana kama alikuwa munene, na hiyo peke yake inaweza kumuua. Wala usimulaze chali na kumumiminia uji kinywani, unaenda kwenye mapafu.

Mazoezi sasa. Wiki ya kwanza hakutembea kwa mazoezi hata kidogo. Alilala ubavu juu ya gunia, mumoja wetu anashika kichwa na kusema naye pole pole, mwingine anasugua muguu kwa kiganja, kuanzia kwenye vidole kwenda juu, mbali na kidonda. Kisha unakunja muguu na kuunyoosha kama vile yeye mwenyewe anatembea, mara 10 kila muguu, asubuhi na jioni. Pale anapokaza, unaacha. Kuvuta hapana.

Hapa karibu tumuue. Siku moja alilia wakati wa kunyoosha, na mumoja wetu (jina tunalificha, lakini anasoma mstari huu) akakimbia kuleta nusu ya kinini cha parasetamoli. Mwalimu wa biolojia alikuwa anapita, akakinyanganya mukononi. Ini la paka halina njia ya kuvunja dawa ile. Damu inageuka rangi ya kahawia, haibebi tena hewa, ini linaharibika. Kinini kimoja kinatosha kuua paka. Aspirini pia ni hatari. Tulibaki kimya wote watatu. Tulikuwa tunafikiri tunamuhurumia.

Wiki ya pili tulimusimamisha, mukono chini ya tumbo, muda wa kuhesabu mpaka tano, kisha mpaka kumi. Akisimama mwenyewe, tunamusukuma kidogo sana kwenye nyonga, kushoto, kuume, ili muguu ukumbuke kubeba. Sakafu ya depo ni simenti laini, miguu ilikuwa inateleza na kupanuka. Tukatandika magunia, na siku hiyo tu akatembea mara mbili zaidi. Ni jambo dogo lakini tuliliona kwa kuchelewa.

Kisha tuliacha njaa ifanye kazi. Mazoezi yanakuja mbele ya chakula, siyo nyuma. Sahani inawekwa hatua mbili mbali naye, kesho tano, kisha mwisho wa depo. Wiki ya nne tuliiweka juu ya tofali: miguu ya mbele inapanda, uzito wote unarudi nyuma. Paja lile la jipu ndilo lilihitaji hivyo. Mwisho tukaegemeza ubao kwenye gunia la chini akapanda kama kwenye kilima. Kwa muchezo tulitumia jani kavu la mugomba kwenye fimbo. Kamba ao uzi hapana, paka anaumeza na unakata matumbo.

Dakika tatu mpaka tano zinatosha, mara tatu kwa siku. Akianza kutetemeka ao kulala chini, imekwisha. Akihema kinywa wazi kama mbwa, mwache apumzike. Kwa paka hiyo si kawaida, na isipokwisha, munganga amuone. Na kama kwa gafula miguu ya nyuma inakufa, iko baridi, naye analia sana, usisugue. Hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda na kufunga mushipa, na ni kazi ya munganga saa ile ile.

Kila siku ya posho tunamupima kwenye mizani ya maharagi, ndani ya kikapu, tukiondoa uzito wa kikapu. Alianza na kilo 2,4. Kisha 2,5. Wiki ya tatu tena 2,5, nayo tunajua sababu: ilikuwa wiki ya mitihani, chakula kilichelewa na mazoezi tuliyaruka. Wiki ya sita kilo 3,2, na meno ya musumeno mugongoni yamefunikwa. Paka mukubwa wa kawaida ana kilo 3 mpaka 5, basi bado kuna njia. Anapanda magunia matatu, la nne linamushinda. Asubuhi ya baridi bado anachechemea, lakini wiki iliyopita tulikuta panya mumoja kwenye kizingiti cha depo, bila kichwa.

Sisi watatu tunatoka shuleni kisha mutihani wa Serikali. Tunatafuta watu wawili wa darasa linalotufuata, wasioogopa kukwaruzwa, waje depo siku ya posho saa kumi, wakati wa kupima, tuwaonyeshe namna ya kukunja muguu. Wasilete maziwa.