Kisasi na ghiliba katika hadithi fupi za kigothiki

Kisasi na ghiliba ni sifa mbili za wahusika zinazojitokeza mara nyingi katika hadithi fupi za kigothiki, yaani hadithi za kubuni zenye mandhari ya giza, siri na hofu. Kisasi ni nia ya kumrudishia mtu ubaya alioutenda, au anaodhaniwa kuutenda. Ghiliba ni kumwendesha mtu kwa hila ili atimize matakwa ya mwingine, huku yeye akiamini kwamba anafuata hiari yake mwenyewe.

Sifa hizo mbili hukaribiana, lakini si kitu kimoja. Mlipa kisasi huongozwa na jambo lililopita, wakati mwenye ghiliba huongozwa na jambo analotaka litokee. Katika hadithi nyingi mhusika mmoja huwa nazo zote mbili, kwa kuwa anayetaka kulipa kisasi bila kukamatwa hulazimika kutumia hila.

Mwandishi maarufu zaidi wa mkondo huu ni Mmarekani Edgar Allan Poe. Hata hivyo Afrika Mashariki nayo ina nafasi katika historia yake, kwa sababu mwandishi Mdenmark Karen Blixen alianza kuandika baadhi ya hadithi zake za kigothiki akiwa Kenya, na moja kati ya hizo inasimuliwa ndani ya jahazi linalosafiri kutoka Lamu kwenda Zanzibar.

Chimbuko

Jina "gothiki" lilitumika kwanza kwa Wagothi, kabila la Ulaya ya kale, baadaye kwa mtindo wa ujenzi wa makanisa na ngome za Karne za Kati. Mwaka 1764 Mwingereza Horace Walpole alitoa riwaya The Castle of Otranto, ambayo katika toleo lake la pili aliiita hadithi ya kigothiki. Tangu hapo jina hilo likawa la aina ya fasihi yenye majumba ya kale, makaburi, laana za ukoo na siri zilizofichwa.

Katika karne ya 19 aina hiyo iliingia katika hadithi fupi. Ufupi ulibadilisha mambo: mwandishi hakuwa tena na nafasi ya kueleza vizazi vitatu vya ukoo, hivyo alimweka mhusika mmoja mwenye nia moja na kumfuata hadi mwisho. Nia hiyo mara nyingi ilikuwa kisasi.

Edgar Allan Poe

Edgar Allan Poe (19 Januari 1809 - 7 Oktoba 1849) alitoa hadithi The Cask of Amontillado mwaka 1846. Msimulizi wake, Montresor, anadai kwamba Fortunato amemtusi, lakini hataji tusi lenyewe. Wakati wa sikukuu ya kanivali anamshawishi ashuke naye katika mahandaki ya kuzikia ya ukoo wake ili aonje divai ya thamani.

Ghiliba ya Montresor ni ya kumkatalia mtu kile anachokitaka. Anamwambia Fortunato arudi nyumbani kwa sababu ana kikohozi. Anamtaja mtu mwingine anayesifika kwa ujuzi wa divai, na mara moja wivu unamvuta Fortunato mbele. Hamlazimishi hata hatua moja. Mwishoni anamfunga kwa mnyororo na kumjengea ukuta akiwa hai. Anayasimulia hayo miaka 50 baadaye, na msomaji anabaki na swali: ikiwa kisasi kilimpa amani, kwa nini bado anakumbuka kila kitu kidogo cha usiku ule?

Hadithi ya Hop-Frog (1849) inageuza hali hiyo. Hapa mwenye kisasi ni mnyonge: kibeti mwenye ulemavu wa miguu, aliyetekwa kutoka nchi ya mbali na kufanywa mchekeshaji wa mfalme. Mfalme anapomdhalilisha Trippetta, rafiki yake, Hop-Frog anamshauri mfalme na mawaziri wake saba wavae kama masokwe, wajipake lami na kufungwa minyororo, ili wawatishe wageni. Wanakubali kwa furaha kwa kuwa wanapenda mzaha, na anawachoma moto mbele ya wageni wao. Ghiliba ni silaha ya asiye na nguvu, kama ilivyo kwa Sungura wa ngano za Kiafrika. Tofauti ni kwamba ngano humwacha msikilizaji akicheka, wakati Poe anamwacha akijiuliza kama haki imetendeka au ukatili umehama tu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Karen Blixen na Afrika Mashariki

Karen Blixen (17 Aprili 1885 - 7 Septemba 1962) alifika Mombasa Januari 1914, akaolewa huko, kisha akaishi katika shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, karibu na Nairobi. Shamba lilishindwa kujiendesha, naye akarudi Denmark mwaka 1931. Mwaka 1934 kitabu chake Seven Gothic Tales, yaani "Hadithi Saba za Kigothiki", kilitolewa Marekani kwa jina la kalamu Isak Dinesen.

Baadhi ya hadithi hizo alianza kuziandika shambani. Katika kumbukumbu zake za mwaka 1937, Out of Africa, anaeleza jinsi mpishi wake Mkikuyu, Kamante, alivyotia shaka kama karatasi zake zilizotawanyika zingeweza kuwa kitabu kigumu kilichoshikamana, kama Odisei ya Homeri iliyokuwamo nyumbani.

Jahazini kati ya Lamu na Zanzibar

Hadithi ya The Dreamers ("Waotaji") katika kitabu hicho inaanza usiku wa mbalamwezi mwaka 1863. Jahazi linaelekea Zanzibar. Ndani yake yumo Said Ben Ahamed, kijana ambaye mwandishi anamfanya kuwa mpwa wa Tippu Tip. Said ametoka kifungoni baada ya kusalitiwa na wapinzani wake, na sasa anarudi kwa siri kulipa kisasi. Wamo pia Mira Jama, msimulizi mashuhuri aliyekatwa pua na masikio, na Mwingereza aitwaye Lincoln Forsner.

Mpwa huyo ni wa kubuni, lakini Tippu Tip ni mtu wa historia. Jina lake lilikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa kutoka Zanzibar, aliyefariki mwaka 1905. Misafara yake ilipita Tabora na nchi za kandokando ya Ziwa Tanganyika, na aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili.

Usiku huo hakuna kisasi kinachotekelezwa. Badala yake Lincoln anasimulia habari za Pellegrina Leoni, mwimbaji aliyepoteza sauti yake katika moto wa jumba la opera. Mwanamke huyo aliacha ulimwengu uamini kwamba amekufa, akaishi kwa majina mbalimbali katika miji mbalimbali. Wanaume watatu waliompenda kwa majina tofauti wanamfuatia mlimani kwenye theluji wakimtaka aseme yeye ni nani, na mfukuzano huo unamfikisha kwenye mauti.

Msomaji anaweza kulinganisha watu wawili waliotendewa ubaya. Said amebaki na jina lake na hasira yake. Jahazi lenyewe linaonekana kusukumwa na kisasi chake zaidi ya upepo wa kaskazi au kusi. Mira Jama naye ameharibiwa uso, lakini anasema hawezi tena kusimulia hadithi za kutisha kwa kuwa yeye mwenyewe ameacha kuogopa. Mwandishi hasemi ni yupi aliye huru zaidi.

Vikaragosi na mwenye kuvuta kamba

Kwa Blixen, ghiliba hufanana na mchezo wa vikaragosi. Katika The Roads Round Pisa, hadithi ya kitabu hichohicho, wasafiri wanatazama mchezo wa vikaragosi uitwao "Kisasi cha Ukweli", ambao Blixen aliwahi kuuandika kama tamthiliya kamili. Ndani yake mchawi anailoga nyumba ili kila uongo utakaosemwa humo ugeuke kuwa kweli.

Hadithi inayouzunguka mchezo huo inafuata kanuni hiyohiyo. Mwana wa mfalme aliye mzee anaogopa ndoa yake na msichana aitwaye Rosina isibatilishwe. Anamtuma rafiki yake kijana aingie usiku kitandani kwa mkewe. Lakini usiku ule Rosina ametoka, na aliyelala pale ni rafiki yake Agnese. Mzee anapoona mpango haukuzaa matunda anaamini kwamba kijana amemsaliti, hivyo anamwita wapigane kwa bastola. Kabla ya risasi kulia Agnese anasema ukweli. Mzee anatambua kwamba hakuna aliyemsaliti, na moyo wake unasimama hapohapo.

Katika The Poet ("Mshairi"), diwani Mathiesen anamlea kijana mshairi, Anders Kube. Anapotambua kwamba Anders anampenda mjane Fransine, anaamua kumwoa Fransine yeye mwenyewe, kwa hesabu kwamba huzuni itamfanya kijana aandike mashairi bora. Anawatendea watu wawili kama vifaa vya kazi ya sanaa. Anders anampiga risasi, na Fransine anammaliza kwa jiwe.

Baadaye, katika The Immortal Story (1958), tajiri Clay wa mji wa Canton nchini China anasikia kisa ambacho mabaharia husimulia kila mahali ingawa hakijawahi kutokea. Anaamua kukifanya kitokee kwa fedha yake. Mwanamke anayemwajiri, Virginie, ni binti wa mtu ambaye Clay alimfilisi, naye anakubali akiwa na kisasi moyoni. Kulipokucha Clay amekufa, na baharia anaondoka akisema hatamsimulia mtu yeyote, kwa kuwa hakuna atakayemwamini.

Visa hivi vitatu vina mwisho unaofanana. Mwenye ghiliba hahesabu kwamba kikaragosi chake kina moyo, na hapo ndipo anapoangamia.

Ulinganisho na fasihi ya Kiswahili

Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze (1952), alichukua kisa kilichotokana na Alfu Lela Ulela. Ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wanamtendea Adili khiana kwa sababu ya wivu na wanageuzwa kuwa manyani. Adili analazimishwa kuwachapa kila usiku, na adhabu hiyo inamuumiza yeye pia. Wanarudishiwa umbo la kibinadamu kwa msamaha. Kisasi kinatajwa kama mzigo wa anayekitekeleza.

Muhammed Said Abdulla, katika riwaya Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alitumia mandhari yanayokaribia ya kigothiki: mauaji mahali pa mizimu. Lakini mpelelezi wake, Bwana Msa, anaonyesha kwamba chanzo kitafutwe katika hila za watu walio hai.

Masimulizi ya jadi nayo yana roho zinazokaa mahali fulani bila kulipa kisasi. Katika mkoa wa Katavi inasimuliwa kwamba roho ya mwindaji Katabi inakaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu huweka hapo sadaka wakiomba baraka. Mahali pa namna hiyo katika hadithi ya kigothiki pangekuwa pa kukimbiwa. Hapa ni pa kuendewa.

Namna ya kutambua sifa hizi

Mwanafunzi anayechambua wahusika anaweza kujiuliza maswali yafuatayo:

- Ubaya uliotendwa umeelezwa wazi, au tunausikia kwa mlipa kisasi peke yake?
- Mhusika anatumia udhaifu gani wa mwenzake: kiburi, wivu, upendo au umaskini?
- Maneno yake yanalingana na matendo yake? Montresor humjulia hali mtu anayempeleka kaburini.
- Ni nani anayesimulia, na anafaidika nini tukimwamini?

Swali la mwisho ndilo gumu, kwa sababu msimulizi mwenye ghiliba humwendesha msomaji vilevile anavyowaendesha wahusika wengine.

Uhakiki

Blixen amesifiwa kwa ustadi wa masimulizi, lakini maandishi yake kuhusu Afrika yamepingwa vikali. Ngũgĩ wa Thiong'o alimkosoa kwa kuwachora Waafrika wa shamba lake kama viumbe wa chini, wakiwekwa karibu na wanyama. Ukosoaji huo unahusu hasa Out of Africa, ila unagusa pia mada hii. Mwandishi aliyeonyesha kwa ukali hatari ya kuwafanya watu vikaragosi alikuwa mwenyewe mmiliki wa shamba la kikoloni, ambako Wakikuyu waliishi na kufanya kazi kwa masharti ambayo hawakuyatunga.