Usiupe ugonjwa jina kabla hujamtazama mtoto

Muuguzi anayempokea mtoto mgonjwa kwenye zahanati haanzi kwa kutafuta ugonjwa wenyewe. Anauliza kwanza: mtoto anashindwa kunywa au kunyonya? Anatapika kila anachopewa? Amepata degedege katika ugonjwa huu? Kisha anamwangalia: je, amelegea mno, au haamki hata akiamshwa? Jibu la ndiyo kwa swali lolote kati ya hayo linatosha kumpeleka mtoto hospitali haraka, hata kama bado hakuna anayejua anaumwa nini.

Maswali hayo manne yamo katika mwongozo wa matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF katika miaka ya 1990, na hadi leo unatumika Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi. Uliandikwa kwa ajili ya vituo visivyo na maabara wala daktari bingwa. Ndiyo maana mzazi naye anaweza kuyauliza akiwa nyumbani, saa nane za usiku, akiwa na tochi ya simu tu.

Nyumbani lakini mambo mara nyingi huenda kinyume. Jina hutangulia. Mtoto akikakamaa kwa homa, ni degedege la shetani. Kikohozi kikikawia, ni kimeo. Akiharisha akiwa na miezi sita, ni meno ya plastiki. Akilia usiku kucha, ni mchango. Kila jina lina mtaalamu wake na dawa yake, na muda unaopotea huko ndio unaomgharimu mtoto.

Homa na degedege

Homa ni joto la nyuzi 37.5 au zaidi likipimwa kwapani. Kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi miwili, hakuna kusubiri kuche: homa peke yake ni sababu ya kwenda hospitali, kwa kuwa katika umri huo maambukizi husambaa mwilini upesi. Kwa mkubwa zaidi, mpunguzie nguo, mnyonyeshe au mnyweshe mara kwa mara, na mpe paracetamol kwa kipimo kinacholingana na uzito wake. Usimmwagie maji ya baridi, yatamtetemesha tu. Aspirini si dawa ya homa ya mtoto.

Paracetamol hushusha joto, haiondoi kilicholileta. Katika maeneo yenye malaria, mtoto apimwe ndani ya saa 24. Kipimo cha haraka huhitaji tone moja la damu na hutoa jibu kwa muda wa kama dakika 20. Kununua dawa mseto bila kupima ni kubahatisha, na dawa ya malaria haitibu nimonia.

Kati ya watoto 100, wawili hadi watano hupata degedege la homa kati ya miezi 6 na miaka 5. Utafiti uliofanyika wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa wazazi wengi waliamini degedege ni la mganga kwanza, hospitali baadaye. Imani hiyo ina sababu yake: degedege la kawaida hukoma lenyewe kabla ya dakika tano, hivyo yeyote aliyekuwepo wakati huo huonekana ndiye aliyeponya. Lakini malaria kali na homa ya uti wa mgongo nazo huja na degedege lilelile, na hizo haziondoki zenyewe. Mlaze mtoto kwa ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, tazama saa. Hata likikoma, mpeleke hospitali mara moja. Likizidi dakika tano, usisubiri likome, anza safari.

Kikohozi

Mafua husababishwa na virusi. Mtoto anaweza kuyapata mara sita hata nane kwa mwaka, hasa akiwa na ndugu wanaosoma au akianza chekechea, na antibayotiki hazimsaidii kitu. Cha kuogopa ni nimonia, na hiyo hutafutwa kwenye pumzi. Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua, uhesabu anavyopumua kwa dakika nzima. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Kuanzia miezi 2 hadi 11, kikomo ni 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta hewa, usingoje hata kuhesabu.

Kimeo hakileti kikohozi. Ni kinyama kilichoko nyuma ya koo la kila mtu, na kooni mwa mtoto anayekohoa huonekana chekundu kama sehemu nyingine za koo. Kukikata kwa wembe kunaweza kuleta kutokwa damu nyingi na maambukizi, huku nimonia, kama ipo, ikiendelea kifuani bila kuguswa.

Kuharisha

Mtoto wa miezi sita huanza kula, hukaribia kutambaa, hutia kila kitu mdomoni, na kinga aliyopewa na mama tumboni inapungua. Kuharisha katika umri huo hakuhitaji maelezo ya ajabu. Umri huohuo fizi huvimba kwa meno yanayokuja, na hao wanaong'oa “meno ya plastiki” wanachochimbua ni vichipukizi vya meno ya utoto. Mtoto hubaki na kidonda mdomoni, anakataa kunyonya, na ndipo maji yanapomwishia kweli.

Kinachoua katika kuharisha ni kupungukiwa maji na chumvi. Dawa yake ni ORS, ikichanganywa na maji safi kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Kila baada ya choo cha maji, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika kumi, uendelee polepole zaidi. Zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14 hata kama choo kimeshakauka. Hufupisha ugonjwa na kupunguza uwezekano wa kurudi. Usimwachishe kunyonya. Macho yakizama, ngozi ya tumbo ikifinywa ikarudi taratibu, au ukiona damu kwenye choo, nenda hospitali.

Usingizi wa mtoto mchanga

Mtoto wa chini ya miezi mitatu hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, ila kwa vipande vipande. Mwili wake bado haujatofautisha usiku na mchana. Hilo huanza kujipanga akiwa na miezi miwili au mitatu. Kuamka ili anyonye si ugonjwa. Kilio kisicho na sababu inayoonekana huongezeka hadi karibu wiki ya sita, kisha hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Dawa nyingi za mchango husifiwa kwa kazi ambayo umri ungeifanya wenyewe. Mitishamba, maji, asali na dawa za mafua zinazoleta usingizi vyote ni hatari kwa mtoto huyu. Hadi miezi sita, maziwa ya mama yanamtosha.

Alale chali, kila usingizi, usiku na mchana. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, Marekani ikafuata mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa nusu au zaidi. Wazee huhofia kwamba atapaliwa. Lakini mtoto akilala chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, hivyo maziwa yanayorudi yangelazimika kupanda ndipo yaingie kwenye mapafu.

Godoro liwe gumu, lisilo na mto wala blanketi zito, na chandarua kichomekwe vizuri pande zote. Salama zaidi ni alale mahali pake, karibu na kitanda cha mama. Kwa nyumba nyingi kitanda ni kimoja, na hapo yapo yasiyojadiliwa: asilale na mtu aliyekunywa pombe, anayevuta sigara au aliyemeza dawa za usingizi, wala asilale na mtu mzima kwenye kochi. Aliyezaliwa njiti asilale kitanda kimoja na mtu yeyote.

Ukifika kituoni, sema dawa zote alizopewa, za duka na za mti, bila kuona haya. Daktari anahitaji kuzijua ili asizidishe kipimo. Kabla ya kuondoka, uliza urudi lini. Na maswali yale manne usibaki nayo peke yako. Mfundishe bibi, baba na dada wa kazi, kwa sababu mtoto huzidiwa hata saa ambazo mama hayupo, na aliye naye wakati huo ndiye anayepaswa kuwa na ruhusa na nauli ya kuondoka.