Nani Anaandika Muziki wa Filimu?

Filimu ikianza tunasoma majina, na kwa muziki mara nyingi jina ni moja tu. Wengi wanawaza kwamba mtu yule aliandika kila noti ya kila chombo. Kumbe hapana. Nyuma yake iko mwingine, orkestratori, na jina lake linapita mwisho, watu wamekwisha kusimama watoke.

Kazi yake ni gani? Fikirini korali. Mmoja analeta wimbo wa sauti moja, mwingine anaugawa: soprano, alto, tenori, basi. Kwa filimu ni vile vile, lakini sauti si nne tena. (Orkestra tunayosema hapa si ile ya gitaa na rumba, ni watu 50, 60 ao zaidi.) Mtunzi anaandika kwa kifupi, mistari michache. Orkestratori anaandika ukurasa mkubwa ambapo kila chombo kiko na mstari wake. Na vyombo viko na masharti: klarineti ya si bemol, ukitaka itoe do, unapashwa kuandika re!

Watunzi wengine wanajua kazi hii vizuri sana, lakini wakati unakosa. Mwaka 1939, kwa filimu Gone with the Wind, Max Steiner alipewa karibu miezi mitatu tu kwa muziki wa saa nyingi. Hugo Friedhofer na wenzake walimsaidia.

Charlie Chaplin, yule Charlot wetu, alikuwa na shida ingine. Alipiga violoni kwa kusikia tu, tena kwa mkono wa kushoto, lakini kusoma na kuandika noti hakujua. Kwa filimu Modern Times ya mwaka 1936 alichukua kijana wa miaka 23, David Raksin. Chaplin alipiga mluzi, ao aliguna, ao alitafuta noti chache kwenye piano. Raksin aliandika, na wote wawili walitengeneza pamoja. Kijana hakuogopa kusema: hii si nzuri. Chaplin hakuzoea kupingwa, na kisha siku chache akamfukuza! Lakini Alfred Newman, aliyeongoza orkestra, aliona karatasi zake, akasema huyu arudishwe. Raksin alikubali kurudi, ila kwa sharti moja: aendelee kusema wazi mawazo yake.

Basi muziki ni wa nani? Raksin mwenyewe alishuhudia kwamba mawazo ya Chaplin yalikuwa ya kweli. Lakini wazo la noti chache haliwezi kupigwa na watu 60. Mimi naona si wizi, sababu Chaplin alikuwa pale kila siku, akichagua na kukataa. Wizi ungekuwa kuficha jina la msaidizi, na katika filimu hii Raksin na mwenzake Edward Powell wameandikwa kuwa wapangaji wa muziki.

Bernard Herrmann hakukubali njia hii hata kidogo. Kwake, kuachia mtu mwingine vyombo ni kumwachia nusu ya wimbo. Kwa Psycho, mwaka 1960, aliandika yote mwenyewe, kwa vyombo vya nyuzi tu.

Na Raksin? Mwaka 1944 alitunga muziki wa filimu Laura. Mara hii jina la mtunzi lilikuwa lake.