Valvu imeharibika, mwili hauumwi: upasuliwe sasa au usubiri?

Mtu anaweza kuingia hospitali Makambako kwa ajili ya kikohozi tu, au kliniki ya wajawazito Njombe mjini kwa hudhurio la kawaida, akatoka na habari ambayo hakuifuata. Daktari amemsikiliza kifua, amesikia sauti isiyo ya kawaida kati ya mapigo ya moyo, na amemwandikia kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Majibu yanasema valvu imekaza, au inavuja sana. Mwenyewe haumwi popote. Wiki iliyopita alikuwa shambani akichimba viazi.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo mabingwa wa moyo wamelibishania kwa zaidi ya nusu karne. Je, mtu huyu afunguliwe kifua kabla mambo hayajaharibika, au aachwe aendelee na maisha yake huku akifuatiliwa? Zote mbili ni tiba, na kila moja ina gharama yake. Ninachotaka kusema katika makala haya ni kwamba kusubiri kunakuwa tiba pale tu panapokuwa na tarehe ya kurudi, kipimo cha kurudia na nauli ya kufika. Vikikosekana hivyo, mgonjwa hasubiri chochote, ameachwa.

Moyo una valvu nne zinazofunguka na kufunga kiasi cha mara laki moja kwa siku, ili damu iende mbele isirudi nyuma. Katika nchi za Ulaya na Marekani, valvu nyingi zinazoharibika ni za wazee: chokaa hujijenga kwenye valvu ya aota mpaka ikakaza. Kwetu hadithi ni tofauti. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 anaumwa koo kwa bakteria aina ya streptokoki, watu wanasema ni mafindofindo, anapewa maji ya chumvi asukutue, anapona. Wiki mbili hadi nne baadaye viungo vinavimba, leo goti, kesho kiwiko, na homa juu. Hiyo ni homa ya baridi yabisi. Kinga ya mwili iliyotumwa kupambana na bakteria imeanza kushambulia mwili wenyewe, na valvu za moyo, hasa ile ya mitrali iliyo upande wa kushoto, zinabaki na makovu. Kila koo linapoambukizwa upya, kovu linaongezeka.

Baridi ya Njombe ya mwezi Juni na Julai haiharibu valvu yenyewe. Lakini bakteria hawa wanapenda msongamano, na watoto wanne wakilala chumba kimoja, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi, koo la mmoja linakuwa koo la wote.

Ndiyo maana wagonjwa wetu ni vijana. Utafiti mkubwa uitwao REMEDY, ulioongozwa kutoka Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2015, uliwakusanya wagonjwa 3,343 wa ugonjwa huu kutoka nchi 12 za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi na Zambia, pamoja na India na Yemen. Umri wa katikati ulikuwa miaka 28, na theluthi mbili walikuwa wanawake. Katika miaka miwili iliyofuata, karibu asilimia 17 walifariki. Wengi walikuwa wamefika hospitali wakiwa wamechelewa.

Turudi kwa huyu asiyeumwa. Neno "hana dalili" linahitaji kuchunguzwa kabla halijaandikwa kwenye daftari. Mama wa miaka 30 anaulizwa, "Unachoka, mama?" Anajibu, "Hapana, daktari." Na hadanganyi. Ila daktari mwenye subira ataendelea: mwaka juzi ulikuwa unapanda kutoka bondeni na ndoo ya maji bila kusimama, mwaka huu unatua mara ngapi? Mama anafikiri. Siku hizi ndoo anabeba binti yake. Sokoni anapanda bodaboda, zamani alitembea. Usiku ameongeza mto wa pili kwa sababu "kifua kinabana kidogo". Ugonjwa wa valvu huja polepole, na mtu hupunguza mwendo polepole kuufuata, mpaka anasahau alikuwa akitembea vipi. Kwa hiyo penye uwezo, mgonjwa hutembezwa kwenye mashine ya mazoezi huku presha na mapigo vikisomwa. Wapo wanaoingia kwenye mashine hiyo wakiwa "hawana dalili" na kushuka baada ya dakika chache wakihema. Vilima vya Njombe navyo ni kipimo kizuri, kwa daktari anayejua kuuliza.

Kwa nini basi asipasuliwe tu? Kwa sababu valvu mpya ni mwanzo wa ugonjwa mwingine mdogo unaodumu maisha. Valvu ya chuma hudumu miaka mingi, ila damu huelekea kuganda juu yake, kwa hiyo mgonjwa humeza warfarini kila siku mpaka mwisho. Dawa hiyo ikizidi, anavuja damu; ikipungua, damu inaganda na kuziba valvu au kwenda kichwani. Kipimo cha kuganda kwa damu lazima kirudiwe mara kwa mara, na dawa nyingi nyingine, zikiwemo baadhi ya ARV, huingiliana nayo. Kwa mwanamke anayetaka watoto ni mtihani zaidi, maana warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Valvu ya tishu ya mnyama haihitaji warfarini ya kudumu, lakini kwa kijana huchakaa mapema, na upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Kuna pia hatari ya upasuaji wenyewe. Kumwingiza kwenye hayo yote mtu ambaye angeishi miaka 10 kwa amani na valvu yake mwenyewe, ingawa ina kasoro, ni kumkosea.

Upande wa pili, moyo una kikomo. Valvu ikivuja, chemba ya chini kushoto hupokea damu zaidi kila pigo, inatanuka, inafanya kazi ya ziada bila kulalamika. Tazama ile raba ya tairi la baiskeli inayofungia gunia la viazi nyuma ya pikipiki: ukiivuta kwa muda mfupi inarudi, ukiiacha imevutika msimu mzima inabaki imelegea hata mzigo ukishushwa. Msuli wa moyo uko hivyo. Valvu ikirekebishwa baada ya msuli kulegea, operesheni inaweza kufanikiwa na mgonjwa asipate nafuu.

Kwa hiyo madaktari hawasubiri dalili peke yake, wanasubiri namba. Mgonjwa analala ubavu wa kushoto, anapakwa jeli kifuani, na mtaalamu anasukuma kifaa kidogo kati ya mbavu huku akipima kwenye skrini. Kwa valvu ya mitrali inayovuja sana, namba mbili ndizo za kutazamwa: nguvu ya moyo kusukuma damu ikishuka hadi asilimia 60 au chini yake, au upana wa chemba ya chini kushoto inapojikamua ukifika milimeta 40, muda wa kusubiri umekwisha hata kama mgonjwa anacheza mpira. Kwa valvu ya aota inayovuja, mpaka ni nguvu ya asilimia 55 au upana wa zaidi ya milimeta 50. Asilimia 60 kwa moyo wa kawaida ingeonekana nzuri. Kwa moyo unaovuja ni kengele. Ndiyo maana ripoti ya eko inayosema tu "valvu inavuja" bila namba haimsaidii mtu kuamua.

Kwa valvu ya aota iliyokaza, mizani imeanza kuelekea kwenye tiba ya mapema. Mwaka 2020 madaktari wa Korea Kusini walichapisha matokeo ya wagonjwa 145 waliokuwa na valvu iliyokaza mno bila dalili. Waliopasuliwa mapema, 1 kati ya 73 alifariki kwa upasuaji au kwa moyo. Waliosubiri, 11 kati ya 72. Mwaka 2024 utafiti mwingine wa Marekani na Kanada, wenye wagonjwa 901 wa miaka 65 na zaidi, ulionyesha kwamba kuwekewa valvu mapema kwa njia ya mshipa wa paja kulipunguza jumla ya vifo, viharusi na kulazwa ghafla, kutoka asilimia 45 hadi 27. Ukichambua vizuri, vifo vyenyewe havikupishana sana. Faida kubwa ilikuwa kwenye kulazwa ghafla. Na kati ya waliopangiwa kusubiri, asilimia 87 waliishia kuwekewa valvu, nusu yao ndani ya mwaka mmoja hivi.

Hao ni wazee wa Seoul na New York, wenye hospitali za moyo karibu nao. Hata hivyo jambo moja kwao linatuhusu moja kwa moja: waliosubiri walifuatiliwa kwa karibu, na walipobadilika walishughulikiwa haraka.

Utafiti unaotuhusu zaidi umetoka Gulu, kaskazini mwa Uganda. Huko watoto na vijana zaidi ya 100,000 wa miaka 5 hadi 17 walipimwa kwa eko ya kubeba mkononi, na 818 kati ya waliokutwa na dalili za mwanzo kwenye valvu, wenyewe wakiwa hawaumwi kitu, waligawanywa makundi mawili. Nusu walichomwa sindano ya penisilini ya benzathini kila wiki nne, nusu walifuatiliwa tu. Baada ya miaka miwili, kati ya waliofika mwisho wa utafiti, ugonjwa ulisonga mbele kwa watoto 3 kati ya 399 waliochomwa, na 33 kati ya 400 waliofuatiliwa tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, na kwa maoni yangu hakuna utafiti wa valvu wenye maana kubwa kuliko huo kwa watu wa huku. Unatuonyesha kwamba kati ya kisu na kusubiri mikono mitupu kuna njia ya tatu, na dawa yake ni ya zamani, ya bei ndogo, inayoweza kuchomwa hata kwenye kituo cha afya. Tahadhari moja: mgonjwa ambaye valvu zake zimeshaharibika sana au moyo umedhoofu anaweza kuzimia baada ya sindano, kwa hiyo huyo huandikiwa vidonge.

Sasa nauli. Upasuaji wa moyo wa kufungua kifua ulianza Muhimbili mwaka 2008, na tangu 2015 kazi hiyo iko chini ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI. Kutoka Makambako mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 600 za barabara. Mwenye valvu mbaya anatakiwa kurudia eko kila miezi 6 hadi 12. Mwenye kasoro ya wastani, kila mwaka mmoja au miwili. Msimu wa kupanda ukigongana na tarehe, shamba linashinda. Basi daktari anayempa mgonjwa wa Wanging'ombe au Ludewa ushauri wa kusubiri auulize pia umbali, kwa sababu ushauri uleule una hatari kubwa zaidi kwa asiyeweza kurudi, na wakati mwingine hilo peke yake ni sababu ya kutenda mapema.

Wala haiwezekani kusema watu wa Njombe hawajui kutunza tarehe. Mkoa huu ndio wenye maambukizi ya VVU makubwa kuliko yote nchini, asilimia 12.7 ya watu wazima kwa utafiti wa 2022-2023, na kwa miaka mingi kliniki za tiba na matunzo (CTC) zimejenga utaratibu wa kadi, rejesta, simu kwa aliyekosa siku yake na mhudumu wa jamii anayemfuata nyumbani. Watu wanaishi kwa sababu ya utaratibu huo. Mgonjwa wa valvu anahitaji ule ule: jina kwenye rejesta ya wilaya, sindano ya kila mwezi karibu na nyumbani, na mtu wa kumpigia simu.

Kundi moja lisisubiri bila kuonana na bingwa: wanawake wenye valvu ya mitrali iliyokaza wanaofikiria kubeba mimba. Ujauzito huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na valvu nyembamba iliyokuwa ikitosha haitoshi tena. Mapafu hujaa maji kwa mama ambaye miezi mitano nyuma alikuwa mzima. Wengi wao wanaweza kutanuliwa valvu kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja bila kufungua kifua, na ni salama zaidi kabla ya mimba kuliko katikati yake. Mwingine wa kuharakishwa ni yule ambaye moyo umeanza kwenda mbio bila mpangilio. Damu huganda kwenye chemba iliyotanuka, na dalili yake ya kwanza inaweza kuwa kiharusi. Kwa huyo warfarini bado ndiyo dawa: utafiti wa mwaka 2022 uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini uliona vifo vichache kwa waliotumia dawa za aina hiyo kuliko waliopewa dawa mpya ya rivaroksabani.

JKCI imekuwa ikipeleka mabingwa mikoani kwa tiba mkoba, na ziara hizo hutangazwa redioni na kwenye hospitali za mikoa. Anayekwenda kupimwa abebe ripoti zake zote za eko, hata ile ya miaka mitano iliyopita iliyokunjwa ndani ya bahasha ya kadi ya kliniki. Bingwa ataziweka mezani kwa mfuatano wa tarehe na kusoma namba ileile, tuseme upana wa chemba kwa milimeta, kutoka moja hadi nyingine: 34, 36, 39. Mgonjwa naye amuulize namba yake ya leo ni ngapi, ikifika ngapi atapasuliwa, na tarehe ya kurudi ni ipi.