Kinini ya kulala na kazi ya shimo

Katika mashimo ya dhahabu na koltani huku Lubero kuko kinini moja ndogo ambayo wengi wetu tumeiona bila kujua jina lake. Wengine wanaiita kinini ya kulala, wengine ya wazimu, na mchimbaji akionekana nayo mfukoni wenzake wa ekipi wanaanza kumuangalia kando. Jina lake ni amitriptilini. Sisi wa sendika tunaandika juu yake kwa sababu wenzetu wanaigawana kama sigara, ao wanaikataa kwa haya wakati ingewasaidia.

Mtu wa Luofu hana haja ya kufundishwa huzuni. Aprili 2009 FDLR walichoma nyumba zetu, na watoto wakafia ndani. Waliopona wakiwa wadogo mwaka ule, leo ndio wanashuka shimo. Juni 2024 vita vya M23 vikafika Kanyabayonga, watu wakaikimbia barabara ya Butembo na magodoro kichwani. Ongeza na mashimo yanayoanguka mwenzako akiwa ndani.

Kulia msiba si ugonjwa, hakutafutiwi kinini. Lakini mtu akipitisha wiki mbili ao zaidi bila usingizi, bila hamu ya chakula, hafurahii hata mtoto wake, anasema afadhali nife, huyo si mvivu, na mbio ya kutafuta nani amemloga inampotezea siku. Anaweza kuwa na depresiyo, na hiyo inatibiwa.

Sasa hii kinini inafanya nini? Katika ubongo, seli moja na jirani yake hazigusani. Kuko nafasi ndogo kati yao, na habari inavushwa na kemikali. Habari ikifika, seli iliyoituma inarudisha kemikali yake. Sisi tunajua ishara ya kamba: wa juu anavuta, wa chini anasikia. Kamba ikirudishwa upesi mno, wa chini hasikii kitu. Amitriptilini inachelewesha kurudishwa kwa kemikali mbili kwa pamoja, serotonini na noradrenalini. Ukoo wake ulianzia Uswisi miaka ya 1950: muganga Roland Kuhn alijaribu dawa iitwayo imipramini kwa ugonjwa mwingine wa akili, akaona waliozama katika huzuni ndio wanainuka. Ajabu ni hii: kemikali zinaguswa siku ileile, lakini moyo wa mgonjwa unaanza kuwa mwepesi kisha wiki mbili, tatu, hata ine. Wataalamu wenyewe bado wanabishana kwa nini. Ndiyo maana mtu anayeimeza siku tatu na kusema «haifanyi kitu» ameacha kabla ya saa yake.

Ingeishia hapo, tusingekuwa na neno kubwa. Lakini amitriptilini inafunga na milango mingine. Inazuia histamini, ndipo usingizi unakuja, mzito, na asubuhi kichwa bado kinaelea. Inazuia asetilikolini: mdomo unakauka, choo kinafunga, mkojo unakawia, macho yanaona ukungu. Tena inashusha presha ukisimama gafula. Mtu wa ofisi atakaa kwenye kiti chake mpaka kizunguzungu kipite. Mchimbaji aliye kwenye kamba, taa kichwani na mfuko wa mawe mgongoni, atakaa wapi?

Kwa kipimo kidogo waganga wanaitoa pia kwa maumivu ya mishipa, ile inayochoma kutoka mgongoni mpaka mguuni. Kwa hiyo usimcheke mwenzako. Pengine ni mgongo tu.

Pombe, iwe kasiksi ao lutuku, inaongeza usingizi wake. Tramadoli ni mbaya zaidi. Vijana wanaimeza ili wabebe mizigo bila kusikia uchungu, na hawajui kwamba nayo inagusa serotonini na noradrenalini. Ukizichanganya, mtu anaweza kutetemeka, kupata joto kali, kuanguka kifafa. Na amitriptilini nyingi kwa mara moja inasimamisha moyo. Mama wa nyumba ndiye aishike, mbali na watoto, na mgonjwa anayesema anataka kujiua asiachiwe pakiti nzima. Mwenye ugonjwa wa moyo aseme mbele ya kupewa. Kuacha nako si kwa siku moja: muganga anapunguza polepole, na hata ukipona unaendelea miezi 9 mpaka 12.

Ulaya wako na venlafaxini na duloksetini, zinazogusa kemikali mbili zilezile bila kufunga milango mingi. Kwenye sante ya kijiji usizitegemee. Fluoksetini, inayogusa serotonini peke yake na isiyo hatari sana ikizidishwa, iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya OMS pamoja na amitriptilini. Uliza kama iko. Msinunue kwenye meza ya soko. Anzieni kwa enfirmie wa sante. Kesi nzito ziende CEPIMA kule Butembo, ao Tulizo Letu ya Goma kwa walio upande ule. Na kinini haitoshi peke yake. Mtu anahitaji wa kuzungumza naye.

Yanayobaki ni ya PDG na wakubwa wa ekipi. Mchimbaji akisema «ninameza dawa hii», leo anafukuzwa na sehemu yake inapewa mwingine. Kwa hiyo ananyamaza, anashuka na usingizi machoni, na wote walio chini yake kwenye kamba wako hatarini. Tunaomba kitu kimoja: wiki sita za kwanza, na kila mara kipimo kinapopandishwa, afanye kazi ya juu. Aoshe mchanga, achambue mawe, aandike mifuko. Nafasi yake shimoni ibaki yake, na sehemu yake ya mavuno isikatwe. Wakubwa wengine wametuambia mchimbaji wa juu halipwi kama wa chini. Tutarudi kwao na barua, na tunataka majina ya ekipi zote chini yake.